Alimbeba Mama Mkwe Mbele ya Watu

"Weka sahihi, Haron."

"Siweki."

"Hafla ni Jumapili. Leo ni Jumatatu. Unataka nikapige magoti kwa nani?"

"Usipige magoti. Niahidi mlango wa nyuma utakuwa wazi, nitaweka sahihi sasa hivi."

Kemuma aliisukuma ile fomu juu ya meza mpaka ikagusa kikombe cha chai cha Haron. Walikuwa wawili tu katika ofisi ya wanafunzi, chumba kidogo kilichopakana na jikoni la chuo, na kabichi ya mchana ilikuwa inanukia hadi kwenye mapazia. Kemuma alikuwa amevaa sweta ya kijani na kufunga nywele kwa kitambaa, kalamu mbili zimechomekwa kichwani, hajui hata moja iko wapi.

Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi waliotoka Nyamira. Haron Bosire, kijana wa Nyakoe, mrefu, mpole, alikuwa msimamizi wa usalama wa hafla zote za wanafunzi. Bila sahihi yake, hakuna muhuri. Bila muhuri, hakuna ukumbi.

Na hawa wawili walikuwa wapenzi, mwaka wa pili sasa. Tena si wapenzi wa kujificha nyuma ya maktaba. Mwezi uliopita, shangazi yake Haron alikwenda kwa kina Kemuma, upande wa Keroka, kama esigani, yaani mshenga. Alipewa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, akarudi Nyakoe anatabasamu njia nzima. Wazazi wa Kemuma wakasema hawana neno, lakini Jumapili watakuja kwenye hafla ya binti yao, wamtazame huyo kijana kwa mbali kabla ya kutoa jibu.

Kwa hiyo mnaona. Siku moja, mambo mawili, na yote yamemkalia Kemuma kifuani.

"Ukumbi ule ni wa watu mia nne," Haron alisema. "Kadi ziwe mia nne, kila moja na nambari yake. Milango yote miwili iwe wazi. Katikati ya viti pabaki njia, asikae mtu hapo hata akiwa mjomba wa nani. Watu wa huduma ya kwanza wakae karibu na jukwaa. Na mvua ikinyesha, tujue watu wa nje wataenda wapi."

"Haron, unaandaa hafla ama unaandaa matanga?"

"Naandaa hafla isigeuke matanga."

"Kila chama kinapita kwako bila maneno. Changu tu ndicho unakitafutia kasoro."

"Waulize watu wa kwaya kama walipita bila maneno. Walinuna wiki mbili."

"Mimi si watu wa kwaya! Mimi ni mchumba wako!"

"Ndiyo maana naogopa zaidi."

Kemuma akaitazama ile fomu. Kisha akasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, "Sawa. Mlango wa nyuma utakuwa wazi."

Haron akaweka sahihi. Alipotaka kumshika mkono, Kemuma alikuwa ameshafika mlangoni.

Nje alimkuta Fred, makamu wake, anamsubiri. Fred alikuwa kijana wa viatu vyeupe visivyojua matope, na mwaka ule alikuwa anautamani uongozi wa wanafunzi wote wa chuo.

"Amekusumbua tena?"

"Ameshaweka sahihi."

"Mwenyekiti, nikwambie ukweli? Huyo anakuonea wivu. Anaogopa uking'aa utamwona mdogo."

"Wacha, Fred."

"Nawacha. Lakini mlango wa nyuma ukibaki wazi, wasio na kadi wataingia wote kupitia huko. Wazazi wako watasimama, wazururaji wakae. Utafurahi?"

Kemuma akaenda zake. Wiki ile hakulala vizuri. Simu ililia, akashika. Ikanyamaza, akaitazama tena. Haron alimwandikia: *Umekula?* Akaisoma, asijibu. Fred akamwandikia: *Kadi zimetoka kwa fundi. Zinang'aa kama wewe.* Hiyo nayo hakuijibu, lakini aliisoma mara mbili, na akajichukia kwa kuisoma mara mbili.

Ijumaa Fred alimwomba kufuli.

"Kufuli la nini?"

"La mlango wa nyuma. Nafunga kwa nje, ufunguo nakaa nao mimi. Jambo likitokea, nafungua mara moja. Nani atajua?"

Kemuma alisimama pale akizungusha kufuli la sanduku lake mkononi. Alijua alichoahidi. Lakini pia akilini alimwona mama yake amesimama ukutani na mkoba wake, anatafuta kiti.

Akampa.

Jumapili asubuhi aliandika: *Haron, leo kila mtu afanye kazi yake. Jioni tutajua kama tunaendelea ama tunaachana. Nimechoka kuchungwa kama mtoto.*

Jibu likaja baada ya dakika moja: *Sawa. Vaa viatu vya chini. Sakafu ya jukwaa inateleza.*

"Huyu mtu!" Kemuma alisema peke yake, akalia kidogo, kisha akavaa viatu vya chini.

Kufikia saa saba mchana watu walikuwa wamejaa uwanjani. Wanafunzi wa kucheza walikuwa na njuga miguuni, akina mama wamevaa vitenge vya kufanana, na chini ya mahema mawili pale nje chai ilikuwa inapakuliwa. Haron alikuwa mlango wa mbele na wasaidizi wake, akiwemo Ashley, msichana wa Voi, mchangamfu, mwenye kidude cha kuhesabia watu mkononi. Kila anayeingia, Ashley anabonyeza.

"Mia tatu tisini na nane," Ashley alisema. "Tisini na tisa. Mia nne! Haron, imetimia."

"Funga kamba."

"Lakini angalia foleni. Wote hao wana kadi."

Haron aliangalia. Foleni ilikuwa imepita jikoni. Mbele yake alisimama mzee wa koti la kijivu na kofia ya sufu, amenyoosha kadi yake kwa heshima.

"Karibu, mzee. Naomba nione. Mia moja na kumi na nane... Ashley, huyu si ameshaingia?"

"Ameingia. Kijana wa shati nyekundu."

"Mia moja na kumi na nane ni mimi," mzee akasema. "Sijampa mtu. Mke wangu alitangulia, yuko ndani na kadi ya mia moja na kumi na saba. Mimi nilibaki nikisalimia mtu."

Haron akachukua kadi nyingine kwenye foleni. Na nyingine. Nambari zilikuwa zinajirudia. Mtu alikuwa amechapisha kadi mara mbili.

"Mzee wangu, nisamehe. Ukumbi umejaa. Siwezi kukuingiza."

"Mimi ni baba wa mwenyekiti."

Haron akakaribia kuiangusha kadi. Huyu ndiye Mzee Machogu! Huyu ndiye aliyekuja kumtazama kwa mbali, na sasa wametazamana kwa karibu kuliko ilivyotakiwa. Akainamisha macho.

"Mzee, hata angekuwa baba yangu mzazi ningemwambia hivi hivi. Nikiingiza mmoja, nyuma yako kuna mia tatu. Naomba ukae hemani, nitakuletea kiti mwenyewe."

"Unanifukuza kwa hafla ya mtoto wangu?"

"Sikufukuzi, mzee. Nakuomba."

Ndani, jukwaani, Kemuma alikuwa na kipaza sauti mkononi. Kupitia mlango aliona kofia ya baba yake inarudi nyuma, na mkono wa Haron umenyooka mbele yake kama wa askari. Uso ukamwaka moto. Akajisemea, basi, imeisha. Huyu simtaki tena.

Hapo ndipo mvua ya mawe ilipoanguka.

Mvua ya Kisii mnaijua, haina hodi. Mabati yalilia kama yanapigwa kwa nyundo. Hema la kwanza likajaa mawe tumboni, likaanguka. La pili likafuata. Watu wa foleni na watu wa chai, wote kwa pamoja, wakakimbilia mlango mmoja.

"Shikaneni mikono!" Haron alipiga kelele kwa wasaidizi. "Msisukumane! Nendeni jikoni! Jikoni kuna nafasi, mlango uko wazi!"

Wengi waligeuka wakaelekea jikoni. Lakini wengine walishapita chini ya kamba. Ndani, waliosukumwa wakasukuma wenzao, na mawimbi ya watu yakaelekea mlango wa nyuma. Aliyefika kwanza aliusukuma. Haukufunguka.

"Umefungwa! Mlango umefungwa!"

Kemuma alilisikia hilo neno. Akamtafuta Fred kwa macho. Fred hakuwepo, alikuwa amekwenda mjini kumpokea mgeni wa heshima, na ufunguo uko mfukoni mwake. Kisha akaiona leso ya zambarau ya mama yake karibu na ule mlango. Ikayumba. Ikapotea chini.

Mtu akishikwa na hofu hachagui lugha. Kemuma alipiga kelele kwenye kipaza sauti kwa ile aliyonyonya nayo:

"Baba! Baba ameanguka! Haron, mtoe baba!"

Ashley akasikia baba, akajua baba. Akamrukia Mzee Machogu pale mlangoni, akamshika kiuno kwa mikono miwili.

"Nimempata! Baba yuko hapa, mzima!"

"Niachie, wewe msichana! Mimi sijaanguka!"

"Ashley, si huyo!" Haron alikuwa ameshageuka. "Kwetu, kwa Kikisii, baba ni mama!"

"Baba ni mama?"

"Ni mama! Shika mlango huu, usiruhusu mtu kuingia!"

Akang'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akazunguka jengo mbio, mawe yanampiga kichwani. Akaukuta mnyororo, na kufuli. Alilitambua hilo kufuli, lilikuwa na rangi ya kucha ya Kemuma, nyekundu, aliyoipaka lisichanganyike na ya wenzake. Hakusimama kuliangalia. Akalipiga kwa kitako cha mtungi mara moja, mara mbili, mara tano. Likakatika.

"Tokeni polepole! Kulia, jikoni! Msikimbie!"

Watu wakamwagika nje. Haron akaingia kinyume nao, amejibana ukutani, mpaka akamfikia mama mmoja mnene kiasi aliyelala kati ya viti viwili, mkoba ameukumbatia. Hakuuliza jina. Akamnyanyua mzima mzima, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akatoka naye.

"Niache! Mwizi! Mwizi huyu!"

"Mama, tulia."

"Niache nakwambia!"

Hakutulia mpaka alipowekwa kwenye benchi ya jikoni, kando ya sufuria la maharagwe.

Hakufa mtu. Mikwaruzo, kifundo kimoja cha mguu kilichoteguka, ambacho ni cha huyo mama, na viatu vingi visivyo na wenyewe. Mvua ilipopungua, Kemuma alipita kwenye matope akapiga magoti mbele ya benchi.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa. Ni nani yule aliyenibeba? Yule mrefu pale?"

"Mama... huyo ndiye Haron."

Mama Nyamoita alivuta leso ikafunika uso wote. "Ndiye yeye?"

"Ndiye."

"Yesu wangu," alisema ndani ya leso, na hakuifunua tena mpaka walipofika Keroka.

Kemuma alimkuta Haron nyuma ya ukumbi, anaokota vipande vya mnyororo. Shati lilikuwa limeshikana na mgongo.

"Kufuli ni langu," alisema.

"Najua."

"Nilimpa Fred. Kadi sikujua, lakini kufuli nilijua. Nilikuahidi nikijua nadanganya."

"Kemuma, umeloa. Nenda ukabadilishe."

"Nitukane kwanza!"

"Sina nguvu ya kukutukana. Nilipoliona hilo kufuli nilifikiria kitu kimoja tu, kwamba na wewe uko ndani."

Kemuma akashindwa kusimama, akaketi kwenye ngazi iliyoloa. Haron akakaa kando yake, wakatazama mawe ya mvua yakiyeyuka kwenye majani.

"Ule ujumbe wa asubuhi," Kemuma alisema, "ungeweza kuufuta?"

"Nimeshaufuta saa ile ile. Nimebakisha wa viatu."

Siku ya Jumanne kamati ya chuo iliketi. Fred alifika na viatu vyake vyeupe, akasema kadi zilirudiwa kwa makosa ya fundi. Kemuma akasimama.

"Fundi ana ujumbe wako. Ulimwomba azidishe, ukagawia watu wa kukupigia kura. Nimeongea naye jana. Na kufuli nilikupa mimi. Mimi nimekosea, na nimeandika barua ya kuacha uenyekiti. Yako iko wapi?"

Fred alitazama dirishani. Jina lake liliondolewa kwenye uchaguzi siku hiyo hiyo. Kemuma walimsimamisha muhula mmoja, kuanzia ule ujao. Alikubali bila kulia.

Ungefikiri mambo yameisha. Lakini mtu alikuwa amepiga video. Haron amembeba mama, mama anarusha mikono, mawe yanaanguka. Ikatembea kutoka simu hadi simu, ikafika Keroka, ikafika kanisani. Sabato iliyofuata, akina mama walikuwa wananyamaza kila Mama Nyamoita akipita. Jumapili akampigia binti yake. Nyumbani huongea Kikisii. Mimi nawaandikia kwa Kiswahili tuelewane.

"Kemuma, mwambie yule kijana na shangazi yake wasije kufuata jibu."

"Mama, kwa nini?"

"Unajua chinsoni wewe, ama chuo kimekufuta kichwa? Mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono. Huyo amenibeba mbele ya ulimwengu. Hawezi kuwa mkwe wangu, omoko wangu. Mwambie atafute nyumba nyingine, huko ataitwa omoko."

Simu ikakatika. Kemuma akapiga tena. Haikushikwa. Akachukua gari la saa tano akaenda nyumbani.

Alimkuta baba yake sebuleni, anakausha makoti. Mzee Machogu alikuwa karani wa kupima majani ya chai pale kituoni kwao, miaka ishirini na sita.

"Baba, na wewe unamkataa?" Alimwita baba kwa Kiswahili, kama wafanyavyo wasomi.

"Mimi? Mimi watu hunichukia kila siku. Mtu analeta gunia ameshindilia majani kwa magoti, anataka nipokee. Nakataa. Yakibanwa hivyo yanachemka yenyewe, yanaungua kabla ya kufika kiwandani. Wananitukana, na wananijua kwa jina." Akakunja mkono wa koti. "Yule kijana alinikatalia mlangoni akiwa anatetemeka. Na bado akanikatalia. Mimi nimemaliza kumtazama. Nenda jikoni kwa mama yako."

Mama Nyamoita alikuwa anachambua mboga ya chinsaga, mguu umefungwa bendeji juu ya kigoda. Hakuinua uso.

"Nilikwambia kwa simu."

"Ungetaka akuache ukanyagwe kwa heshima?"

"Angeita mtu mwingine anibebe."

"Nani, mama? Kila mtu alikuwa anakimbia kutoka. Ni yeye tu alikuwa anakimbia kuingia."

Majani yakaanguka kwenye ungo. Moja, jingine.

"Na kama ni kutazamana, chinsoni inasema msitazamane. Basi usimtazame. Nani atakulazimisha?"

"Si kubebwa, Kemuma."

"Ni nini basi?"

Mama akaweka ungo chini. Mikono yake ilikuwa ya kijani hadi kwenye viganja.

"Nilimpiga. Makofi mawili usoni, na mkoba. Nilimwita mwizi. Kila mtu ameona. Mtoto wa watu amepita kwenye mawe kunitoa, na mimi nampiga kofi. Akija hapa nitampa chakula kwa mkono upi? Huu? Si ni huu huu?"

Na akalia, mama wa watu, akijifuta kwa kiwiko maana viganja vilikuwa na majani. Kemuma akamshika mabega. Walikaa hivyo muda mrefu, hata chungu kikaanza kuungua.

"Aje," mama alisema mwishoni. "Lakini mimi sitoki jikoni."

Wakaja Jumapili iliyofuata: Haron kwa koti la kuazima, mjomba wake, na shangazi yule mshenga. Sebule ilifagiliwa mara tatu. Jikoni na sebuleni hutenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo mwiko ulipogonga sufuria, wageni walisikia. Mjomba akasema ya kusema. Mzee Machogu akajibu ya kujibu. Kisha wazee wakaugeukia ule ukuta, na kila mtu akajua kinachosubiriwa.

Sauti ikatoka nyuma ya mbao.

"Muulizeni mgeni. Lile shavu lilipona?"

Mjomba akakohoa. Shangazi akaangalia dari. Haron alikuwa ametazama sakafu tangu aingie, na aliendelea kuitazama.

"Mwambieni mama," alisema, "sikusikia kitu. Mikono ilikuwa imejaa."

Mzee Machogu alicheka kwanza, akamwaga chai kwenye suruali. Shangazi akafuata, amejishika mbavu. Kemuma alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa, machozi yanamtoka. Nyuma ya ukuta hapakusikika hata mwiko. Halafu mtu akapenga kamasi, maji yakamiminwa kwenye bakuli, na Mama Nyamoita akaita kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani:

"Kemuma! Umekaa huko unacheka nini? Njoo uchukue maji haya. Omoko wangu hajanawa mikono."